Uchungaji wa Hospitali na Taasisi (Tanzania ya Kati)

Uchungaji wa hospitali na taasisi ni huduma ya kiroho inayotolewa na kasisi, padre, sheikh au mlei aliyeandaliwa, nje ya kanisa au msikiti wake: wodini, gerezani, chuoni au kambini. Anayeifanya hana waumini wa kudumu. Anawahudumia aliowakuta, wa dini yake na wasio wa dini yake, katika siku ambazo mara nyingi ndizo ngumu kuliko zote maishani mwao. Katika Mkoa wa Dodoma na nyanda za kati kazi hii ina umri sawa na hospitali za misheni, ila mpaka leo haina baraza la kitaaluma la kuisajili, kama walivyo nalo madaktari na wauguzi. Mtu huingia kwa mlango wa dini yake, na ngazi anayopanda ni ya dini hiyo.

Chimbuko

Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876. Mwaka 1927 iliundwa Dayosisi ya Central Tanganyika, makao yake Dodoma, chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia, na chini yake zikakua huduma za afya kama Hospitali ya Mvumi, iliyojulikana sana kwa tiba ya macho. Upande wa Wakatoliki, Wamisionari wa Damu Azizi walijenga Hospitali ya Mtakatifu Gaspar huko Itigi, Singida. Katika hospitali za namna hii siku huanza kwa ibada fupi ya wafanyakazi, na mchungaji huhesabiwa kuwa mmoja wao.

Mwaka huohuo wa 1927 serikali ya kikoloni ilifungua hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Dodoma, ambayo sasa ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Inafaa kuitaja hapa kwa sababu mafunzo ya kisasa ya kazi hii yalizaliwa katika hospitali ya namna hiyohiyo. Mwaka 1925 mchungaji Anton Boisen, aliyewahi yeye mwenyewe kulazwa kwa ugonjwa wa akili, aliwapeleka wanafunzi wa teolojia katika Hospitali ya Worcester, Massachusetts, ili wajifunze kando ya vitanda vya wagonjwa. Alitaka wamsome mgonjwa kwa makini ileile waliyoitumia kusoma vitabu. Utaratibu aliouanzisha umeenea duniani, na kwa Kiingereza huitwa Clinical Pastoral Education, kwa kifupi CPE.

Elimu ya awali

Kwa Waanglikana wa Dodoma njia ya kawaida huanza na uinjilisti mtaani, kisha chuo. Chuo cha Mtakatifu Filipo, Kongwa, kilichoanza enzi za Wajerumani, kimelea vizazi vya makasisi. Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma, ni chuo kingine, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kilichofunguliwa 2007 katika majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari Mazengo, kinafundisha teolojia pamoja na uuguzi na famasia. Ujirani huo wa masomo ni hazina ambayo haijatumiwa ipasavyo: mwanafunzi wa teolojia na mwanafunzi wa uuguzi watakutana kesho kwenye kitanda kimoja, basi wangeanza kuzoeana darasani. Baada ya chuo, mtu huwekwa wakfu kuwa shemasi, baadaye kasisi, na askofu ndiye anayempangia kituo.

Walutheri husomea vyuo vya Biblia na kisha Makumira, karibu na Arusha. Wakatoliki wana safari ndefu zaidi ya falsafa na teolojia katika seminari kuu kama Kipalapala, Tabora, na padre hupelekwa hospitali au chuo kwa barua ya askofu au ya mkuu wa shirika lake. Masista na makatekista nao hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kila siku, ingawa majina yao hayaonekani kwenye barua hizo.

Wanawake waliingia kwa kuchelewa. KKKT, kanisa la Walutheri nchini, ilikubali kuwawekea mikono mwaka 1990, na katika Dayosisi ya Central Tanganyika Askofu Godfrey Mhogolo alikuwa mtetezi wao mkubwa. Katika wodi ya wazazi tofauti huonekana mara moja: mama aliyepoteza mtoto humweleza mchungaji mwanamke mambo ambayo asingethubutu kumwambia mwanamume.

Kwa Waislamu, walio wengi hasa Kondoa, kumtembelea mgonjwa ni sunna, na kumwandaa maiti ni wajibu wa jamii nzima. Sheikh hutoka madrasa, wengine huendelea hadi Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro au vyuo vya nje, lakini kwa kawaida huduma ya wodini huifanya kama sehemu ya kazi yake ya msikiti.

Mafunzo ya wodini

Teolojia peke yake haimtoshi anayesimama mbele ya mgonjwa wa saratani. Nchini, kituo kilichojulikana kwa mafunzo ya CPE ni Hospitali ya KCMC, Moshi. Mwanafunzi hupangiwa wodi, huzungukia wagonjwa, na jioni huandika kwa kumbukumbu mazungumzo yake na mmoja wao, sentensi kwa sentensi, pamoja na vituo vya kimya. Kesho yake huyasoma mbele ya wenzake na msimamizi. Ikiwa mgonjwa alisema, “Mungu amenisahau,” na mwanafunzi akawahi kujibu, “Mungu hamsahau mtu,” kikundi kitamwuliza: hapo ulikuwa unamtuliza mgonjwa, au hofu yako mwenyewe? Zoezi hili huumiza, na ndilo linalomfundisha mtu kunyamaza na kusikiliza.

Hujifunza pia kutunza siri, kutambua dalili za mtu anayefikiria kujiua, kumwita daktari kwa wakati, na kutomshawishi mgonjwa abadili dini. Lugha nayo ina uzito wake. Mzee wa Kigogo anayesalimiwa “Mbukwa” hufunguka kuliko anayehutubiwa kwa Kiswahili cha mimbarini.

Umuhimu wa mafunzo haya ulionekana wazi mwaka 2011, pale maelfu walipofurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa KKKT. Baadhi ya waliokuwa na virusi vya UKIMWI waliacha dawa zao. Mchungaji aliyeandaliwa huomba na mgonjwa, kisha humuuliza kama amemeza dawa.

Ajira na malipo

Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inaweka shughuli za dini nje ya mamlaka ya dola. Matokeo yake ni kwamba mchungaji wa hospitali kwa kawaida hulipwa na kanisa au na hospitali ya kanisa. Makubaliano ya 1992 kati ya serikali na makanisa, yaliyozaa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, yalifungua njia ya serikali kusaidia hospitali za makanisa kwa watumishi wa afya, lakini mchungaji si mtumishi wa afya katika hesabu hiyo. Fedha za dayosisi zikipungua, nafasi yake huwa miongoni mwa za kwanza kuunganishwa na za parokia. Huko ni kukosea. Tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa wa ugonjwa usiopona, inayokua tangu Hospitali ya Selian, Arusha, ilipoanza kuwafuata wagonjwa majumbani, inahesabu huduma ya kiroho kuwa sehemu ya tiba, na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani wa 2014 ulisisitiza hivyo kwa nchi zote.

Kenya imekwenda njia nyingine: jeshi lake huajiri makasisi na maimamu, na hospitali za Tenwek na Kijabe zina mafunzo yao. Marekani, wanakofanya kazi wachungaji wengi kutoka Afrika Mashariki, ngazi imepangwa waziwazi: shahada ya uzamili, vipindi 4 vya CPE vya saa 400 kila kimoja, kisha saa 2,000 za kazi kabla ya kuthibitishwa na bodi. Sheria ya malipo ya serikali huko inataka timu ya kuwahudumia wagonjwa walio katika siku zao za mwisho iwe na mshauri wa kiroho au mshauri mwingine, na hilo hufungua nafasi za ajira.

Mtera

Mtera, kwenye mpaka wa Dodoma na Iringa, inaonyesha upande wa pili wa kazi hii, ule wa mbali na hospitali. Bwawa lake kwenye Mto Ruaha Mkuu lilijengwa ili kuhifadhi maji ya mitambo ya umeme ya Kidatu. Kandokando yake kuna kambi za wavuvi waliotoka mikoa mbalimbali, wakiishi mbali na ndugu zao, kati ya nchi ya Wagogo na ya Wahehe. Mgonjwa mahututi wa huku hupelekwa Mvumi, Dodoma mjini au Iringa, na akirudi na habari mbaya, wa kumpokea ni mwinjilisti, katekista au imamu wa kijiji. Hao ndio walezi wa kiroho wa kweli wa Mtera, na wengi hawajawahi kupata hata wiki moja ya mafunzo ya wodini. Kuwaleta Mvumi kwa zamu fupi, chini ya msimamizi aliyefunzwa, kusingehitaji jengo jipya wala sheria mpya.

Anayetaka kuianza kazi hii leo katika nyanda za kati asisubiri cheo. Aombe kwanza idhini ya kiongozi wake wa dini na ya uongozi wa hospitali au ya mkuu wa gereza, ajitolee wodini chini ya anayeijua kazi, amalize cheti au stashahada ya teolojia au masomo ya dini yake, kisha atafute nafasi ya CPE. Na dayosisi inayomruhusu imwandikie barua ya ajira yenye mshahara, kama inavyomwandikia muuguzi.