Jembe, Ngoma na Mizani: Habari za Vijiji vya Bujora na Usukuma

Katika kitabu hiki cha jubilei mmeandikiwa habari za makanisa na za mapadre waliotutangulia. Nasi tumepewa kazi ya kuandika habari za vijiji, yaani jinsi watu wa Bujora na Usukuma wote walivyojitahidi kuinua hali ya maisha yao. Habari hii yatupasa kuianza kabla ya misheni, kwa maana watu hawa hawakungoja mgeni awafundishe kusaidiana.

Tangu kale vijana wa Kisukuma walikuwa na chama cha kulima pamoja, kiitwacho elika, na kiongozi wao aliitwa nsumba ntale. Mwenye shamba alipozidiwa na kazi aliwaita, nao wakaja na majembe yao, wakalima kwa kufuata mdundo wa ngoma. Kisha wakapewa chakula au malipo mengine waliyopatana. Katika karne ya 19 vikatokea pia vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, wale wa kwanza wakiwa wafuasi wa Ngika, na wa pili wafuasi wa Gumha. Wakashindana kwa kucheza, wala jembe halikuachwa nje, kwani hata leo ngoma ya bugobogobo huchezwa kwa majembe mikononi.

Mapadre Weupe walifika pwani ya kusini ya ziwa mwaka 1878, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi. Parokia ya Bujora ni ya baadaye. Iko karibu na Kisesa, mwendo wa kilomita 20 hivi mashariki ya Mwanza, nayo ilianzishwa katika miaka ya 1950 na Padre David Clement, mtu wa Kanada. Padre huyo aliona kwamba ngoma na desturi za watu si vitu vya kutupwa. Akawakusanya watu wenye kujua mambo ya kale, wakafanya kamati ya kuchunguza mila. Likajengwa kanisa la mviringo kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Na mwaka 1968 ikawekwa nyumba ya makumbusho. Katika sikukuu ya Ekaristi, iitwayo Bulabo, Bagika na Bagalu wakapewa uwanja wa kushindana mbele ya watu wote.

Basi katika miaka ile ile, mambo mawili makubwa yalikuwa yakitendeka vijijini, na yatufaa kuyalinganisha.

La kwanza lilitoka juu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Kiingereza iliona kwamba udongo wa Usukuma umechoka na mifugo imezidi malisho. Mwaka 1947 ikaanza mpango mkubwa: malambo yakachimbwa, mapori yenye mbung'o yakafyekwa, na watu wakahimizwa kuhamia Geita. Pamoja na hayo zikaja amri za kulima matuta ya kuzuia maji, kutia samadi na kupunguza ng'ombe, na asiyetii alitozwa faini. Mengi ya mafundisho hayo yalikuwa mema, na malambo yaliwanywesha watu na wanyama. Lakini mkulima alipiga matuta kwa kuogopa faini, na wenyeji hawakuulizwa shauri. Manung'uniko yakazidi, hata mwaka 1958 zikatokea ghasia huko Geita, na amri nyingi zikaachwa.

La pili lilianza penye mizani. Mkulima alileta pamba yake kwa mnunuzi, akatajiwa uzito, akapokea fedha. Kama mizani ilisema kweli au uongo, hakuwa na njia ya kujua. Wakulima wakashuku, wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe. Mwaka 1952, wakiongozwa na Paul Bomani, wakaunda chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa; na mwaka 1955 vyama vya vijiji vikaungana katika muungano wa ushirika wa Victoria. Hata ilipofika mwaka 1959, pamba yote ya jimbo ilipita mikononi mwa muungano huo, nao ulikuwa na viwanda vyake vya kuchambulia pamba. Hapakuwa na faini iliyowaleta. Twadhani waliozoea elika hawakuona shida kuelewa ushirika, kwa kuwa walijua tayari maana ya kufanya kazi kwa zamu na kumtii kiongozi wanayemwamini.

Lakini tusisifu bila kiasi. Muungano ulikua, hesabu zikawa nyingi, na mwanachama kijijini akarudi pale pale alipokuwa: anaambiwa jumla, wala haioni daftari. Tume ya serikali ya mwaka 1966 ilikuta upungufu mwingi katika vyama vya ushirika nchini. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vya wakulima vikavunjwa kwa amri. Sheria ya mwaka 1982 ikaviruhusu tena, na kule Mwanza chama cha Nyanza kikaanza upya mwaka 1984.

Kwa sababu hiyo twakumbuka kwa shukrani chuo kilichofunguliwa Nyegezi mwaka 1960 wakati wa Askofu Joseph Blomjous, ambamo watu walijifunza uhasibu na kazi za jamii. Mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino.

Nanyi waalimu, kazi hii ni yenu pia. Mtoto akifundishwa kusoma mizani na kujumlisha daftari, atamsaidia baba yake siku ya kuuza pamba. Na ninyi wazee wa parokia, kila kisima kinapochimbwa au zahanati inapojengwa, wakusanyeni watu kwanza, wachague msimamizi wao, na hesabu isomwe mbele ya wote.