Viwanda Viwili, Soko Moja

Gari la doria lisilo na matairi ni chuma kilichosimama. Askari wa jeshi na wa polisi hawana haja ya kuelezwa jambo hilo. Lakini namna matairi yalivyoanza kutengenezwa Afrika Mashariki ni habari isiyojulikana sana, nayo inafaa kukumbukwa, kwa kuwa inaonyesha jinsi majirani wanavyoweza kuchagua miradi mizuri, kila mmoja kwa hesabu yake, na mwishowe wote wakapata hasara.

Mwezi wa Aprili 1964 serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika zilifikia Makubaliano ya Kampala. Tatizo lililokuwa mbele yao lilikuwa la urithi. Tangu enzi za ukoloni viwanda vingi vilijengwa Kenya, na nchi mbili nyingine zikawa zinanunua huko bidhaa nyingi kuliko walivyouza. Ikaamuliwa kwamba baadhi ya viwanda vipya vigawanywe. Tanganyika ikapewa uunganishaji wa magari ya Land-Rover, redio, bidhaa za aluminiamu, na matairi ya magari pamoja na mipira yake ya ndani. Uganda ikapewa baiskeli na mbolea. Kenya ikapewa globu za umeme.

Mgawanyo huo haukuwa suala la udugu peke yake. Ulikuwa pia suala la hesabu. Kiwanda cha matairi hakianzishwi kama karakana ya seremala. Kinahitaji mashine kubwa za kuchanganya mpira, mashine za kuupika kwa mvuke na joto kali, na kalibu za chuma kwa kila ukubwa wa tairi, kuanzia la gari dogo hadi la lori na trekta. Gharama hizo hulipwa kwanza, kabla tairi la kwanza halijauzwa. Zikigawanywa kwa matairi mengi, kila tairi hubeba mzigo mdogo. Zikigawanywa kwa machache, bei hupanda, au kiwanda huendeshwa kwa hasara. Wala mtaji uliokwisha kugeuzwa mashine haurudi kuwa fedha kwa urahisi. Kalibu ya tairi haiwezi kufuma kitambaa.

Magari ya nchi zote tatu kwa wakati ule yalikuwa machache. Kwa hiyo mantiki ya Kampala ilikuwa wazi: kiwanda kimoja kwa soko moja.

Hata hivyo, Kenya haikuyaidhinisha makubaliano hayo. Mwaka 1967 ukatiwa sahihi mkataba mpya ulioanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba huo ulitafuta usawa kwa njia nyingine: kodi maalumu ya kulinda viwanda vichanga vya nchi zilizokuwa nyuma, na Benki ya Maendeleo iliyotakiwa kuelekeza asilimia 38.75 ya mikopo yake Tanzania, kiasi kama hicho Uganda, na asilimia 22.5 Kenya. Mgawanyo wa viwanda, kiwanda kwa kiwanda, ukaachwa nyuma.

Matokeo yalionekana upesi. Tanzania, kwa ubia na kampuni ya General Tire ya Marekani, ilijenga kiwanda cha matairi Arusha. Kenya nayo iliikaribisha kampuni ya Firestone, pia ya Marekani, ikajenga chake Nairobi. Vyote viwili vilianza kazi mwaka 1971, katika miji isiyotengana hata kilomita 300. Jambo la kutafakari ni kwamba makampuni hayo mawili yalikuwa na makao makuu katika mji mmoja huko kwao, mji wa Akron, Ohio. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Haki inadai kusema kwamba kila upande ulikuwa na hoja. Kenya ilikuwa na magari mengi zaidi na wenye mitaji waliipenda Nairobi. Tanzania ilishika ahadi ya 1964, tena haikutaka kuwa soko la jirani milele. Kosa halikuwa katika hoja ya mmoja wao. Kosa lilikuwa katika kuipima miradi miwili mbalimbali kana kwamba mmoja haupo. Mteja wa Mwanza, Kampala au Mombasa hawezi kununua tairi lile lile mara mbili. Mapato anayoyapata mmoja kwake, mwingine huyakosa.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983. Soko dogo likakatwa vipande. Mwaka 1978 Idi Amin akavamia Kagera, na magari ya raia na ya mashirika yalichukuliwa kubeba wapiganaji na vifaa kwenda mbele. Katika saa kama hiyo, kiwanda kilicho ndani ya nchi kina thamani isiyoandikwa katika daftari la faida. Lakini hata ulinzi una gharama zake, na miaka iliyofuata ilizionyesha. Fedha za kigeni zilipoadimika, malighafi kutoka ng'ambo zikaadimika pia, na magari mengi yakawekwa juu ya mawe.

Mwisho wa safari ulikuwa mmoja. Kiwanda cha Arusha kilisimamisha kazi kabla ya mwaka 2010. Cha Nairobi, kilichokwisha kupita mikononi mwa Wakenya na kubadili jina kuwa Sameer, kiliacha kutengeneza matairi mwaka 2016, kikilemewa na ushindani wa matairi ya bei nafuu kutoka Asia. Viwanda viwili vilivyonyang'anyana soko moja vilishindwa vyote na wageni waliozalisha kwa wingi.

Kamanda mwenye risasi chache hafyatui kila upande. Hujiuliza shabaha ipi ina maana, nani mwingine anailenga, na ni risasi ngapi zitabaki baada ya hapo. Fedha za viwanda ni risasi za taifa maskini. Shilingi iliyotumika Arusha na iliyotumika Nairobi kwa kazi ile ile ingeweza, moja kati ya hizo, kujenga kitu kingine ambacho Afrika Mashariki haikuwa nacho. Jumuiya iliyofufuliwa kwa mkataba wa 1999 imerithi ushuru wa pamoja na mipaka iliyo wazi zaidi. Imerithi pia swali la Kampala ambalo halijapata jibu: nani ajenge nini, na nani akubali kumwachia jirani yake.