Kompyuta ya kupitishia mizigo: eneokazi lipi linahimili Sydonia World?

BUJUMBURA – Mzigo mwingi unaotoka bandari ya Dar es Salaam kwa Ushoroba wa Kati huingia Burundi kupitia Kabanga na Kobero, lakini karatasi zake hupita kwenye kompyuta ya wakala wa forodha. Kompyuta hiyo ikigoma asubuhi, kadhia haitumwi, lori linalala, na tozo za ghala na za kuchelewesha kontena zinaendelea kuhesabiwa. Hata hivyo, wafanyabiashara wengi huacha uchaguzi wa mfumo wa kompyuta mikononi mwa fundi, na huulizia bei tu.

Programu yenyewe

Mamlaka ya mapato ya Burundi, OBR, iliyoundwa mwaka 2009, hupokea kadhia kwa Sydonia World, ambayo wanaotumia Kiingereza huiita ASYCUDA World. Ni kazi ya shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, lililoanzisha mradi huo mwaka 1981. Rwanda, Uganda na Kongo nazo zimeitumia. Tanzania iliachana na familia hiyo ilipoleta mfumo wake wa TANCIS katika muongo wa 2010, kwa hiyo wakala mwenye ofisi pande zote mbili za mpaka lazima ajue mifumo zaidi ya mmoja.

Sydonia World imeandikwa kwa Java. Kwa nadharia hufunguka kwenye Windows, Linux au Mac, na iliundwa ili mtumiaji aweze kuendelea na kazi hata mtandao unapokatika kwa muda. Kinachowakwamisha watu mara nyingi ni hiyo Java. Katika nchi nyingi programu hii imekuwa ikifunguliwa kwa kifaa kiitwacho Java Web Start. Kivinjari cha Chrome kiliondoa kabisa uwezo wa kuendesha Java mwaka 2015, Firefox ikafuata mwaka 2017, na Java 11, iliyotoka Septemba 2018, ikaja bila Web Start. Ndiyo sababu ofisi nyingi zimebaki na Java 8.

Maana yake ni kwamba fundi anayesasisha kila kitu kwa nia njema anaweza kuifunga ofisi kwa siku nzima. Wakala anashauriwa kuuliza OBR toleo la Java linalokubalika, aliandike na kulibandika kwenye mashine, kisha azime usasishaji wa Java wa moja kwa moja. Kwa kuwa Java ya zamani ina matundu ya usalama, mashine hiyo isitumiwe kwa barua pepe, muziki wala diski za mkononi za wateja.

Windows au Linux

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, na kompyuta nyingi za mitumba hazifikii kiwango hicho. Mwenye mashine kama hizo anabaki na njia mbili: kununua nyingine au kuhamia Linux.

Kwenye Linux mtumiaji huchagua pia eneokazi, yaani sura ya skrini yenye menyu, madirisha na ikoni. GNOME na KDE Plasma zinapendeza lakini zinahitaji kumbukumbu zaidi. Xfce ni nyepesi, na menyu zake hazibadilikibadiliki, jambo ambalo karani aliyezoea hulithamini kuliko urembo. Likiwekwa juu ya Debian, au juu ya toleo la Ubuntu la muda mrefu linalohudumiwa miaka 5, mashine ya zamani hupata uhai mpya.

Pamoja na hayo, kwa ofisi ya watu wawili au watatu, Windows bado ndiyo chaguo salama kwa mashine kuu. Printa na skana huingia bila ubishi, na karani akikwama, anayemwelekeza kwa simu atamweleza kwa Windows. Linux yenye Xfce inafaa kuwa mashine ya akiba, mradi iwe imekwisha kujaribiwa.

Koma na nukta

Kuna jambo dogo linalogharimu kuliko yote haya. Ankara ya Dar es Salaam huandika 1,500.00. Kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi Bujumbura, huichukulia koma kuwa alama ya desimali. Karani akinakili 1,500 kutoka barua pepe na kuibandika kwenye jedwali, kilo elfu moja na mia tano zinaweza kusomwa kilo moja na nusu. Mzani wa barabarani hautakubaliana nazo, na maelezo yatakayotolewa kwa afisa wa forodha yatakuwa marefu. Tarehe nazo zina mtego: mashine iliyokuja na mipangilio ya Kimarekani husoma 03/04 kuwa tarehe 4 Machi, wakati mteja alimaanisha tarehe 3 Aprili. Mashine zote za ofisi zipewe mipangilio ya nchi iliyo sawa, na kibodi ya aina moja, kwani kwenye AZERTY tarakimu za mstari wa juu huhitaji kubonyeza Shift na kwenye QWERTY hazihitaji.

Kwa upande wa umeme, kompyuta ya mkononi yenye betri nzima inatosha mara nyingi. Ya mezani inahitaji UPS, pamoja na modemu ya simu ya kampuni tofauti na ile ya mtandao wa ofisi.

Kabla ya kuuza mashine ya zamani, mpya ifanye mzunguko mzima: kufungua programu, kuingiza kadhia halisi, kuambatisha hati zilizoskaniwa, kutuma, na kuchapa risiti. Jaribio hilo lifanywe siku isiyo na lori Kobero wala boti bandarini.