Mimba na Mbio: Wanariadha Mama wa Kenya

Mwaka 1997 mkimbiaji Catherine Ndereba hakushindana. Askari huyo wa Magereza, mzaliwa wa Nyeri, alikuwa amejifungua binti, na katika riadha ya Kenya ya siku zile mwanamke aliyepata mtoto mara nyingi alihesabiwa kuwa amekwisha kustaafu. Yeye alirudi mazoezini. Mwaka 2000 alishinda marathoni ya Boston, na Oktoba 2001 akakimbia ile ya Chicago kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Hakuna mwanamke duniani aliyekuwa amewahi kukimbia kwa kasi hiyo.

Dhana kwamba mwili wa kike ni dhaifu kwa mbio ndefu ilikuwa na mizizi mirefu. Baada ya Olimpiki ya Amsterdam ya 1928, mita 800 za wanawake zilifutwa kwa madai kwamba zinawaumiza. Zilirudishwa mwaka 1960. Marathoni ya wanawake ilisubiri hadi 1984. Lakini katika vijiji vya Bonde la Ufa, wajawazito walikuwa wakipanda miinuko na kuni mgongoni hadi karibu na siku ya kujifungua, wala hakuna aliyesema hawawezi. Walichokatazwa ni viatu vya mbio.

Tena mlango wa riadha ulikuwa shule. Mkimbiaji Vivian Cheruiyot, kwa mfano, alisoma Sing'ore, sekondari ya wasichana iliyo karibu na Iten. Msichana aliyepata mimba alifukuzwa, na kwa kufukuzwa alipoteza darasa, uwanja na mwalimu wa michezo kwa mpigo mmoja. Sera ya kumruhusu arudi masomoni haikuja hadi mwaka 1994, na kuna shule zilizoendelea kuipuuza.

Hata hivyo, mimba si jambo dogo kwa mwili, na wanariadha wenyewe ndio wanaolijua hilo zaidi ya watu wote. Kufikia miezi ya mwisho, damu ya mjamzito huwa imeongezeka kwa karibu nusu, na moyo wake, hata akiwa ameketi, hupiga mara 10 hadi 20 zaidi kwa dakika. Majimaji ya damu huongezeka upesi kuliko chembe nyekundu, kwa hiyo damu huwa nyepesi na madini ya chuma huhitajika kwa wingi. Asipoyapata, uchovu humwelemea. Homoni hulegeza kano za nyonga ili mtoto apate njia, na mguu uliozoea kukanyaga imara huanza kuyumba. Tumbo huvuta mbele, kiuno hupinda, hatua hufupika. Mfuko wa uzazi nao husukuma kiwambo juu, na pumzi hukatika mapema. Tena Iten, wanakofanyia mazoezi wengi, iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo hewa ni nyembamba hata kwa asiye na mimba.

Kujifungua hakumalizi kazi. Misuli ya tumbo na ya chini ya nyonga imetanuka, maziwa yanadai chakula na maji, usingizi unakatwa vipandevipande. Anayerudi huanza kwa kutembea.

Wako waliorudi na kushinda. Mary Keitany alipata mtoto mwaka 2008, na Oktoba 2009 akawa bingwa wa dunia wa nusu marathoni. Alijifungua tena mwaka 2013, kisha Novemba 2014 akashinda marathoni ya New York. Cheruiyot alijifungua Oktoba 2013, akakaa nje msimu wote wa 2014, na Agosti 2015 akatwaa dhahabu ya dunia ya mita 10,000 mjini Beijing. Faith Kipyegon, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 2016, alijifungua Juni 2018. Mwaka mmoja baadaye, huko Stanford, Marekani, alirudi kwa ushindi wa dakika 3, sekunde 59.04. Mwaka 2021 alitetea taji lake Tokyo, na mwaka 2023 akavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3, sekunde 49.11.

Maumbile ya wanawake hayakubadilika kati ya 1928 na 2023. Kilichobadilika ni nani analipa unga wakati mkimbiaji hawezi kukimbia. Magereza, polisi na jeshi viliwapa wanariadha mshahara na kazi ya kurudia. Kwa wafanyakazi wa kawaida, sheria ya ajira ya 1976 ilitoa miezi miwili ya uzazi, na aliyeichukua alipoteza likizo yake ya mwaka. Ile ya 2007 iliongeza ikawa miezi mitatu yenye malipo kamili, bila kugusa likizo ya mwaka.

Lakini anayeishi kwa mkataba wa kampuni ya viatu si mwajiriwa, na sheria hiyo haimfikii. Mwaka 2019 wanariadha wa Marekani, Alysia Montaño na Allyson Felix miongoni mwao, walieleza hadharani jinsi malipo yanavyoweza kukatwa mkimbiaji akipata mimba. Agosti mwaka huohuo kampuni ya viatu ya Nike ilikubali kutopunguza malipo kwa jumla ya miezi 18, kabla na baada ya kujifungua. Hiyo ni haki iliyochelewa mno, nayo inawafikia wachache. Wengi wanaofanya mazoezi Iten na Kaptagat hawana mkataba wowote. Wanategemea zawadi za mbio za barabarani, na katika miezi ya mimba hakuna zawadi.