Siri za Taifa na Simu Zinazovuka Mpaka

Louisville, Columbus na Buffalo ni miji yenye Wakongo na Wasomali wengi, na simu zao huvuka bahari kila wiki. Desemba 2005 gazeti la New York Times lilifichua kwamba serikali ya Marekani ilikuwa ikinasa baadhi ya simu za kimataifa bila kibali cha mahakama. Waandishi, mawakili na wasomi wenye mawasiliano ng'ambo walishtaki Detroit, na Agosti 2006 Jaji Anna Diggs Taylor akaamua kuwa mpango huo unavunja katiba.

Serikali ilijikinga kwa hoja ya siri za taifa. Asili ya kinga hii yafaa tuijue. Oktoba 1948 ndege ya kijeshi aina ya B-29 ilianguka karibu na Waycross, Georgia, na watu 9 wakafa. Wajane watatu walidai ripoti ya ajali. Jeshi likakataa kumwonyesha hata hakimu faraghani. Mwaka 1953 Mahakama Kuu iliipa serikali ushindi bila yenyewe kuisoma ripoti. Ilipokuja kusomwa, mwaka 2000, binti wa mmoja wa marehemu hakukuta humo siri ya mitambo yoyote. Alikuta uzembe wa matengenezo! Lakini hukumu ile ilikuwa imekwisha kuwa msingi wa kesi nyingine nyingi.

Rufaa ya kesi ya Detroit ilisikilizwa Cincinnati, katika mahakama ambayo maamuzi yake yanaifunga Ohio na Kentucky pia, yaani Columbus na Louisville. Julai 2007 majaji wawili kati ya watatu waliifuta: walalamikaji hawakuweza kuthibitisha kuwa walisikilizwa, na uthibitisho wenyewe ni siri. Kwa maoni yangu huko ni kumfunga mtu macho kisha kumdai ushahidi wa alichokiona.

Buffalo iko chini ya mahakama ya rufaa ya New York, ambayo mwaka 2011 iliwaruhusu walalamikaji wa kesi nyingine kuendelea. Februari 2013 Mahakama Kuu iliwazuia, kura 5 kwa 4. Miezi minne baadaye Edward Snowden alivujisha amri iliyoilazimisha kampuni ya Verizon kukabidhi kumbukumbu za simu za wateja wake. Mei 2015 mahakama hiyohiyo ya New York ilitamka kwamba ukusanyaji huo haukuruhusiwa na sheria. Safari hii walalamikaji, wateja wa Verizon, walikuwa na karatasi mkononi.