Kusikiliza Moyo wa Mtoto Tumboni

Moyo wa mwanadamu huanza kazi yake kabla mwenyewe hajapewa jina, na mara nyingi kabla mama yake hajawa na yakini kuwa ni mja mzito. Kwa hesabu ya wakunga, ambayo huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, katika juma la sita kitu kitakachokuwa moyo huwa tayari kinapwita. Walakini karne nyingi zilipita bila ya sikio lolote kuupata mpwito huo. Alama aliyoitegemea mama ya uhai wa mtoto ilikuwa kucheza kwake tumboni, nayo aghalabu haikutokea ila muda wa mimba ulipokaribia nusu. Leo chombo kienacho kiganjani huuzwa madukani, na mwanamke mwenye mimba ya majuma kumi huweza kukinunua, akajilaza kitandani kwake, akajaribu kusikiliza. Safari iliyokifikisha chombo hiki kitandani imechukua miaka 200, na kila aliyepita katika njia yake alikutana na swali moja: aliyekwisha kuisikia sauti, amejua nini?

Mwanzo wa safari ni Paris. Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker, tabibu René Laennec alikunja karatasi zikawa bomba, akaweka ncha moja kifuani mwa mgonjwa na nyingine sikioni mwake, akausikia moyo vizuri kuliko alivyopata kuusikia kwa kutega sikio mwilini. Hiyo ndiyo asili ya stetoskopu, na kitabu chake juu ya elimu hiyo kilitoka mwaka 1819. Laennec alishughulika na maradhi ya kifua. Tumbo la mja mzito halikuwa katika mawazo yake. Miongoni mwa watu wa kwanza kuandikwa kuwa walilisikiliza tumbo wakaujua moyo wa mtoto ni François-Isaac Mayor, tabibu mpasuaji wa Geneva. Mwaka 1818 jarida la mji huo lilieleza kwa maneno machache kwamba Mayor alitega sikio tumboni mwa mwanamke aliyekaribia kujifungua, akasikia mapigo yaliyo mbali na ya mama, na kwamba kwa njia hiyo huweza kujulikana kama mtoto yu hai au amekufa. Habari ikapita, wala haikufuatwa.

Miaka mitatu baadaye Jacques-Alexandre Lejumeau de Kergaradec, aliyekuwa rafiki wa Laennec, alikuwa akitafuta jambo jingine kabisa. Alidhani kuwa mtoto ajigeuzapo hupiga maji yaliyomzunguka, na kwamba stetoskopu ikiwekwa tumboni itayaleta sikioni mavumo ya maji hayo. Maji hakuyasikia. Alisikia mlio mwepesi wa haraka mfano wa mlio wa saa iliyo mfukoni, akauhesabu: mapigo 143 hadi 148 kwa dakika. Akashika mkono wa mama, akaona mpwito wake ni wa polepole mno kuliko huo. Hivyo akatambua kuwa mioyo ni miwili. Tena akasikia sauti ya pili, mvumo kama wa upepo upitao mwanyani, nao ulikwenda sawa na mshipa wa mama. Aliudhania kuwa watoka katika kondo la nyuma. Waliokuja baada yake walionyesha kuwa hutoka katika mishipa ya mama iliyo kwenye mji wa mimba. Mnamo tarehe 26 Desemba 1821 aliyasoma hayo mbele ya wanachuoni wa utabibu wa Paris, akauliza kama mabadiliko ya mapigo hayo yangeweza kufunua afya ya mtoto na maradhi yake.

Yafaa kusimama kidogo hapa, kwa kuwa siku hiyo ya kwanza tayari ilibeba maarifa na hatari yake kwa pamoja. Tumboni hamna sauti moja. Mna sauti ya mtoto na sauti ya mama, na asikilizaye bila ya kuutazama mshipa wa mama huweza kuidhania hii kuwa ile. Kergaradec aliokolewa na jambo dogo: alishika mkono, akahesabu, akalinganisha.

Elimu hiyo ilienea polepole. Mwaka 1833 Evory Kennedy wa Dublin alitoa kitabu kizima juu yake, akiwajibu matabibu waliotilia shaka. Mwaka 1895 Mfaransa Adolphe Pinard alitoa kipembe kinachobeba jina lake hata leo: upande mmoja mpana huwekwa tumboni, upande mwingine bapa hukaa sikioni, na katikati mna tundu. Hakihitaji umeme wala betri, na katika wodi za wazazi za Afrika ya Mashariki wakunga wamekitumia kwa vizazi kadhaa. Kipembe hicho hakisikii mtoto mdogo sana. Hungoja mpaka majuma 18 au 20. Tena kilikuwa na tabia moja ambayo yamkini haikupangwa na aliyekitengeneza: sauti yake humfikia mtu mmoja tu, naye ni mkunga. Mama huipata habari kwa kinywa cha mkunga, ikiwa imekwisha kupimwa na kulinganishwa. Sauti na tafsiri yake vilisafiri pamoja.

Vilikuja kutenganishwa na elimu iliyoanzia katika nyota. Mwaka 1842 Christian Doppler, mwalimu wa hesabu mjini Prague, alitoa hoja kwamba wimbi hubadilika kwa mpokeaji kadiri kitu kilitoacho kinavyomkaribia au kumwacha. Alitaka kueleza rangi za nyota. Mwaka 1845, karibu na Utrecht, hoja hiyo ilijaribiwa kwa kuwapakia wapiga tarumbeta katika gari moshi na kuwasikiliza wakipita. Kila asimamaye kando ya barabara huijua: honi ya gari lijalo huwa nyembamba, na likishapita huwa nzito. Katika miaka ya 1950 Shigeo Satomura wa Osaka, Japani, aliitumia kanuni hiyo kuchungua mwendo wa moyo kwa mawimbi ya sauti iliyo nyembamba mno hata sikio la mtu haliipati. Mwaka 1964 Callagan na wenzake wa Marekani walieleza jinsi ya kuyatambua kwa njia hiyo mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Chombo hicho huweza kuupata moyo huo katika juma la kumi hadi la kumi na mbili, na sauti yake hutoka wazi chumbani. Kwa mara ya kwanza mama na mkunga walisikia pamoja.

Lakini ipo tofauti ambayo haina budi kushikwa. Kipembe cha Pinard huleta sauti ya moyo wenyewe. Chombo cha Doppler hutuma mawimbi, hupokea mwangwi wake, na hugeuza tofauti ya hayo mawili kuwa sauti. Kwa hivyo kisikikacho ni mwendo uliotafsiriwa, na kila kiendacho tumboni hutafsiriwa vivyo hivyo: moyo wa mtoto, damu ya kondo, na mishipa mikubwa ya mama. Chombo hakijui kilichokipata. Kikiwa na kioo cha tarakimu, huhesabu chochote kilichokifikia.

Katika mimba changa taabu hizo huzidi. Kwenye juma la kumi mtoto ana urefu wa sentimita tatu hivi, na mji wa mimba bado umejificha nyuma ya mfupa wa kinena. Asiyezoea huweza kutafuta kwa nusu saa asipate kitu, ilhali mtoto yu salama. Au akapata mshipa wa mama, ambao kwa hofu umekwenda mbio, akauita moyo wa mtoto. Nao wanaotafuta hivyo si wajinga wala wapuuzi. Wengi wao wamewahi kupoteza mimba. Katika mimba 100 zilizojulikana, kadiri ya 10 hadi 20 huharibika, nyingi zikiwa katika miezi mitatu ya kwanza, na sehemu kubwa kwa kasoro za kromosomu zilizokuwamo tangu mwanzo. Aliyefikwa na msiba huo mara moja hutaka kila usiku kuhakikisha kuwa haujarudi. Chombo humpa faraja ya usiku mmoja au humtia hofu isiyo na sababu, wala hakimzuilii lolote.

Mimba ikiwa kubwa hatari hugeuka: sauti hupatikana upesi, na huko kupatikana upesi ndiko kubaya. Mwaka 2009 jarida la British Medical Journal lilichapisha habari ya mwanamke wa Uingereza aliyeona kuwa mtoto amepunguza kucheza. Alikuwa na chombo nyumbani. Akasikiliza, akasikia alichokidhania kuwa moyo wa mtoto, akatulia. Alipofika hospitali baadaye, mtoto alikuwa amekwisha kufa. Mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu dhidi ya kutumia vyombo hivyo bila ya uangalizi wa mtaalamu, ikikumbusha pia kwamba mawimbi hayo huweza kuupasha mwili joto kidogo.

Hata mikononi mwa wajuzi sauti ina mpaka wake. Katika utafiti wa Kampala, Uganda, uliochapishwa mwaka 2015, wanawake karibu 2,000 waliokuwa katika uchungu waligawanywa, wengine wakisikilizwa kwa kipembe na wengine kwa chombo cha Doppler kilichotiwa nguvu kwa kuzungushwa na mkono. Chombo kilitambua kasoro nyingi zaidi za mapigo. Lakini idadi ya watoto waliopotea haikuonekana kupungua. Kusikia kasoro ni hatua moja, na ya pili ni kupata mara hiyo mtu wa kutenda, mahali pa kutendea na vifaa vyake.

Kwa hiyo swali la Kergaradec juu ya afya ya mtoto lilijibiwa nusu. Mapigo husema mengi kwa mkunga aliyeshika mshipa wa mama kwa mkono wa pili na aliye tayari kutenda. Kwa aliye peke yake usiku husema machache kuliko anavyodhani. Ukimya katika juma la kumi si habari ya kifo, wala mlio katika juma la thelathini na sita si hati ya usalama. Alama ya kale, yaani kucheza kwa mtoto, haijaondolewa cheo chake na chombo chochote: mama ahisiye kuwa mtoto amepunguza kucheza ana sababu ya kutosha ya kwenda hospitali saa ile ile, bila ya kusikiliza kitu kwanza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Na katika jambo hili anayefaa kuulizwa ana masikio, mikono na elimu.