Kuzuia Joto si Kustahimili Joto

Fundi simu anayebandua chipu kwa hewa ya moto hufunika kwanza vipande vya jirani kwa tepu nyembamba yenye rangi ya kaharabu. Plastiki ya kawaida ingesinyaa papo hapo. Tepu hii hubaki vilevile. Ni polima iitwayo poliimidi, ingawa wengi duniani huijua kwa jina la kibiashara lililoanzishwa na kampuni ya DuPont ya Marekani: Kapton.

Sisi tuiiteje? Mitaani kila plastiki nyembamba ni nailoni, lakini nailoni ni polima nyingine kabisa, tena huyeyuka. Filamu imeshachukuliwa na sinema. Mimi nasimama na utando. Neno hili limetokana na kutanda, na ndivyo kitu chenyewe kinavyozaliwa: urojo wa kemikali hutandazwa ukawa tabaka jembamba, kisha hupashwa moto hadi molekuli zitoe maji na kufunga pete ngumu zisizolegezwa na joto kwa urahisi. Wanabiolojia nao wana utando wa seli. Hapana ubaya, muktadha utatenganisha.

Kazi ipo kwenye sifa yake. Ni rahisi kusema “utando wa kuzuia joto”, na hapo ndipo fizikia inapopotoshwa. Itazame darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021. Kinga yake ya jua, yenye ukubwa wa uwanja wa tenisi, ni tando tano za Kapton: unaolikabili jua una unene wa milimita 0.05, na nne zilizobaki milimita 0.025 kila mmoja. Kinachorudisha mionzi ni hasa alumini iliyopakwa juu yake, na joto linalopenya huponyokea angani kupitia nafasi zilizoachwa kati ya tando. Poliimidi yenyewe imepewa kazi ya kubaki ilivyo, isiyeyuke upande wa jua wala isivunjike upande wa kivuli, kwenye baridi inayopita nyuzi 200 chini ya sifuri.

Mabwana shamba walishatupatia neno: mbegu stahimilivu. Basi na huu uwe utando stahimilivu wa joto. Na joto litajwe kila mara, kwa sababu kuna vinavyoushinda: katika mizingo ya karibu na dunia, oksijeni ya atomi huila Kapton isiyopakwa kinga. Enyi waandishi wa vitabu vya fizikia, kuzuia kuachieni vihami. Huu andikeni kuwa unastahimili, na mtaje unastahimili nini.